Serafina Kokushubira, Aliyefungua kwa Salamu

Hodi peke yake haikumfungulisha mlango mama yetu, Serafina Kokushubira Mihayo. Hadi siku zake za mwisho hapa Ngokolo, Shinyanga, alisubiri aliye nje atoe salamu kamili. “Hodi hata adui anapiga,” alituambia.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Kakunyu, kaskazini mwa Mto Kagera, akalelewa na bibi yake, Eunice. Alimaliza darasa la saba mwaka 1975.

Majeshi ya Uganda yalipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978, majirani walivuka mto. Bibi hakuweza kutembea, na mama, akiwa na miaka kumi na saba, hakukubali kumwacha. Waliishi wiki tatu katika kibanda cha majani katikati ya migomba. Alipika alfajiri, ukungu ukiwa mzito, ili moshi usionekane. Mchana walikula ndizi zilizopoa na kusali rozari kwa midomo tu, bila sauti.

Wavamizi nao walisema Kiswahili, ila cha amri: “Wewe! Toka! Leta kuku!” Kwa hiyo siku aliposikia tena Kiswahili karibu na kibanda, alimziba bibi mdomo asikohoe. Nyayo za wanaume zilisimama nje. Kisha mmoja akasema taratibu, “Shikamoo, bibi.”

Bibi aliubandua mkono wa mjukuu wake. “Marahaba, baba! Kokushubira, hao ni askari wetu. Adui hana shikamoo.”

Bibi aliishi miaka minane zaidi. Mama alimshukuru Mungu kwa kila mmoja wa miaka hiyo.

Mwaka 1980 alikuja Shinyanga kusomea uuguzi. Alifanya kazi Tinde, kisha Segese, akiwazalisha wake wa wakulima na wa wachimbaji hadi alipostaafu mwaka 2021.

Baba yetu, Boaz Mihayo, alipotoka Tinde kumtembelea mara ya kwanza, mama akiwa bado masomoni, alisimama nje na jogoo kwapani. “Mwangaluka!” alisalimu kwa Kisukuma. Mlango haukufunguliwa. “Mwangaluka, we dada!” Mama, ambaye hakukijua Kisukuma, alizidi kukaza komeo.

Jirani alicheka. “Mihayo, huyo Mhaya! Mpe shikamoo.”

“Shikamoo kwa mchumba? Si mdogo wangu huyu?”

“Basi rudi Tinde na jogoo wako.”

Baba akaitoa, na mlango ukafunguliwa. Walifunga ndoa tarehe 5 Juni 1982.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Tunawashukuru wauguzi waliomhudumia na majirani waliopokezana kumwogesha. Alifariki alasiri ya tarehe 9 Oktoba 2025, akiwa na miaka sitini na minne.

Ameacha mume, watoto watatu, yaani mimi Ritha, Herman na Limi, na wajukuu saba. Mungu aliyemhifadhi migombani amhifadhi sasa milele.

Mchana wa siku ile ya mwisho nilikuwa nimekaa kitandani pake tangu asubuhi, ugali wangu ukipoa pembeni. Alifumbua macho, akautazama, akanitazama.

“Mimi nimeshiba siku, mwanangu. Wewe ndiye hujala. Kula.”