Historia ya Mzee Bado, Mkaguzi wa Sarafu za Fedha

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wa nyumba ya mnada mliokaa karibu na mlango kama watu wanaotaka kuwahi kutoka, familia inawashukuru kwa kufika na inaomba mtulie, maana maisha ya miaka sabini hayasomwi mbio, na marehemu mwenyewe alikuwa hawezi kupokea hata kadi ya mwaliko bila kuigeuza nyuma aone imechapwa kwenye karatasi ya namna gani.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne tarehe 14 Machi 1944, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkewe, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alichelewa wiki mbili, akamchosha mkunga, akatoka amekunja uso, na tangu siku hiyo hakuna jambo alilolifanya haraka. Alianza shule Januari 1953 na kumaliza darasa la saba Novemba 1959, bila kufeli na bila kung'ara, na cheti chake kina maneno ya mwalimu mkuu kwamba mwanafunzi huyu ana akili lakini hamalizi mtihani, habari ambayo mke wake angefurahi sana kuipata kabla ya kuolewa, si baada.

Jumatatu tarehe 4 Aprili 1960 aliajiriwa kwenye duka la sonara, mtaa wa pili kutoka sokoni, kazi yake ikiwa kupokea fedha kuukuu za kuyeyushwa, vijiko vilivyokatika, bangili, vifungo, na zile sarafu za Kiingereza za zamani ambazo kwa sonara zilikuwa uzito tu, na kwake zikawa ugonjwa. Siku ya tatu kazini aliingiza mkono kwenye chungu cha kuyeyushia, moto ukiwa ndiyo kwanza unawashwa, akatoa shilingi ya mwaka 1816, akaungua kidole gumba, na sonara alipomuuliza ana wazimu gani, akajibu kwamba nywele za mfalme bado zinahesabika. Sonara alimkata mshahara wa siku hiyo na kumwachia ile shilingi, na kama angefanya kinyume chake, kuna mwanamke hapa angeishi maisha tofauti.

Februari 1971 alihamia nyumba ya mnada, akapewa meza kando ya dirisha la mashariki na cheo cha mkaguzi wa sarafu, na hapo alikaa mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2009. Kwa wasioijua kazi hii, sarafu alikuwa akiishika kwa ukingo, kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kinywani mwa mtoto, akaileta chini ya kioo cha kukuzia kwenye mwanga wa asubuhi, akatazama kwanza sehemu zilizoinuka, maana hizo ndizo zinazolika mapema, shavu la mfalme, mikunjo ya mtandio wa malkia, goti la yule mpanda farasi anayemchoma joka, kisha akaipima, kisha akaizungusha asome maandishi ya ukingoni, kisha akaenda kunywa maji, akarudi, akaanza upya. Mwisho wa yote aliandika kwenye kadi neno moja kati ya sita, na maneno yenyewe ni haya, imekufa, imechoka, inasomeka, nzuri, nzuri sana, na haijaguswa, hilo la sita likiwa la sarafu ambayo tangu itoke kiwandani haijapita mfukoni mwa mtu, na kwa miaka thelathini na minane hakuliandika hata mara moja. Nje ya hayo sita kulikuwa na neno lingine ambalo si daraja bali ni hukumu, imesuguliwa, kwa kuwa fedha ya zamani ikishasuguliwa inapoteza ngozi yake, na anayejua haitaki tena.

Wateja walimwogopa, na wengine walimchukia kabisa. Kuna daktari wa meno aliyeleta nusu dazeni ya shilingi, akazimwaga mezani kwa majivuno akisema, "Tazama zinavyong'aa, mzee, nimezisafisha mwenyewe kwa mashine yangu," na marehemu akazitazama asubuhi nzima, akaandika kadi sita zenye neno moja, akamwambia, "Umeng'oa hata yasiyouma, daktari." Mkuu wake wa kazi, ambaye kwa jinsi alivyopenda kugonga meza walimwita Nyundo, alikuwa akija kila saa moja kuuliza, "Mzee, tayari?" na jibu lilikuwa lile lile, "Bado," mpaka ofisi nzima ikasahau jina lake na kumwita Mzee Bado, na nyumbani hali ilikuwa hiyo hiyo, mchuzi umekolea, bado anauangalia, shati jipya linamfaa, bado hajajua, twende basi linaondoka, bado hajafunga kamba.

Jumamosi tarehe 9 Oktoba 1971 alifunga ndoa na binti wa muuza mkaa, mwanamke aliyesoma mpaka darasa la pili na ambaye hakuwahi kuambiwa kwamba hana la kusema. Mama wa bibi harusi alikuwa na sarafu kubwa ya shilingi tano ya Kiingereza ya mwaka 1893, ile ya malkia mwenye mtandio, aliyoachiwa na baba yake fundi saa, na huyo fundi saa aliipata ikiwa mpya, akaifunga kwenye pamba ndani ya kopo la unga wa meno, na kwa miaka zaidi ya sabini hakuna aliyeitoa, kwa sababu ukoo mzima uliambiwa ni ya siku kubwa. Siku kubwa ikafika. Siku moja kabla ya harusi, mama yule, kwa heshima ya mkwe anayependa fedha, aliifungua pamba, akakuta sarafu imeingia rangi ya buluu na kahawia kama mafuta juu ya maji, akaona aibu kutoa kitu kichafu, akakaa nayo kibarazani na nusu limau na majivu laini, maana majivu kwa muuza mkaa hayajawahi kukosekana, akaisugua kutoka saa nane mpaka saa kumi, ikatoka inang'aa kama kijiko cha hotelini.

Bwana harusi aliifungua mbele ya wageni, mama akimweleza jinsi alivyoing'arisha jana yake tangu saa nane, naye akaiinua kwenye mwanga, na bibi harusi aliyekuwa pembeni akamwona akiigeuza mara mbili, kisha akamshika mama mkwe mikono yote miwili na kumwambia, "Ahsante, mama, kama hii sijawahi kushika," na kila mtu akapiga makofi. Kesho yake asubuhi mke akakuta kadi juu ya meza, neno moja tu limeandikwa, neno refu, lakini alilisoma lote.

"Mama yangu amekupa kitu cha ukoo, wewe unamwandikia kosa," akasema mke.

"Sijamwandikia yeye, nimeiandikia sarafu."

"Badilisha. Andika nzuri, hata hiyo sana usiweke."

"Siwezi, mke wangu. Tazama ndani ya mikunjo ya mtandio, kitambaa hakikufika, bado kuna mng'ao wa kiwandani. Hii ilikuwa haijaguswa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka juzi saa nane."

Hiyo ndiyo ndoa ilivyoanza. Sarafu nyingine zote za marehemu, mia tatu na kumi na mbili kwa hesabu yake mwenyewe, zilikaa kwenye kabati la trei zenye mahameli, kila moja kwenye kishimo chake, na kabati hilo lilipata fundi wa kulipiga msasa kabla mke hajapata mlango wa jiko, lakini sarafu ya mama mkwe haikupewa kishimo, iliwekwa na kadi yake kwenye bahasha ya karatasi ya kaki, ikaachwa juu ya rafu kando ya dirisha kama dawa ya panya, na mke alikatazwa hata kuipangusa vumbi. Mama mkwe alipokuja kutembea aliuliza kila mara, "Na ile shilingi tano yangu, mkwe, umeiweka wapi?" na marehemu, ambaye uongo ulikuwa haumpiti kooni, alimjibu, "Ipo dirishani, mama, inapata hewa," na mama akaridhika, na akafa mwaka 1988 akiwa ameridhika, lakini binti yake hakuridhika, na aliomba kadi ibadilishwe kabla ya msiba ule, na baada ya msiba ule, na kila walipokosana juu ya jambo lingine lolote, na jibu likabaki kwamba ndivyo ilivyo.

Marehemu alijaliwa watoto watatu, wa kwanza tarehe 2 Mei 1973, wa pili tarehe 19 Agosti 1976, na wa tatu tarehe 11 Januari 1980, na wote watatu wapo hapa na wanaweza kushuhudia kwamba walipoleta ripoti za shule baba yao alizitazama ukingoni kwanza, na kwamba binti wa mwisho alipopata nafasi ya kwanza darasani aliambiwa kuwa inasomeka. Mkewe hakumwuliza yeye amepewa daraja gani, ingawa mara moja, mwaka 1994, wakiwa wanapepeta mchele, alimwuliza kwa mzaha, na marehemu akaendelea kuchambua mchele, punje moja moja, mpaka maji ya kuupikia yakakauka.

Mwaka 2011 alianza kusumbuliwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwa mtu wa kazi yake hilo lilikuwa kama kumkata miguu mkimbiaji, lakini upasuaji aliukataa mpaka mwisho kwa sababu daktari alimwambia ataona vizuri, naye akataka kujua vizuri au vizuri sana. Tarehe 22 Januari 2014 alipata kiharusi upande wa kulia, akalazwa siku kumi na tisa, akarudi nyumbani hawezi kushika sarafu wala kalamu, akawa anakaa kwenye kiti kando ya lile dirisha, mkewe akimlisha kwa kijiko na kumwuliza ameshiba, naye akitikisa kichwa kwa maana ile ile mnayoijua. Alifariki Jumapili tarehe 18 Mei 2014, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, mwanga ukiwa mzuri.

Jana, kabla hata viti vya waombolezaji havijapangwa, alifika mnunuzi wa sarafu, mtu aliyefundishwa kazi na marehemu, akaomba radhi kwa haraka yake, akafungua kabati, akapita trei baada ya trei akitikisa kichwa kwa heshima, na mjane akamruhusu, kwa kuwa hana mpango wa kuzeeka akilinda mahameli. Mwisho mnunuzi akafikia bahasha ya dirishani, akaitoa kadi, akaisoma, akaitupa mezani.

"Hii imesuguliwa, bibi. Wape wajukuu wachezee."

Kadi ilianguka kifudifudi, na mjane, ambaye kwa miaka arobaini na miwili aliuchukia upande wa mbele kiasi cha kutoigeuza, akauona upande wa nyuma. Kulikuwa na safu mbili za maandishi madogo kama mayai ya chawa, kila mstari una tarehe, na kila tarehe ni 9 Oktoba, mwaka 1972, mwaka 1973, mwaka 1974, kushuka mpaka chini na kupanda tena, na mbele ya kila tarehe neno moja, bado. Mara arobaini na moja. Mstari wa mwisho, wa mwaka jana, umeandikwa na mtu asiyeona, herufi zimepanda juu ya herufi, na una maneno mawili, bado kidogo.

Mjane akaitoa sarafu kwa ukingo, kwa vidole viwili, akaiona imeingia kahawia, na buluu kidogo pembezoni.

"Mikwaruzo ya majivu huwa inaondoka?" akamwuliza mnunuzi.

"Haiondoki, bibi, hata miaka mia. Rangi tu ndiyo inarudi. Mzee mwenyewe ndiye aliyenifundisha, na alikuwa hana msamaha kwenye hilo."

"Basi alikuwa anangoja nini?"

Mnunuzi akasema hajui. Akachukua trei, kabati likaenda naye, na bahasha ikarudi dirishani. Mjane bado ana hasira, na asiyependa hilo asimtazame, kwa sababu mtu anaweza kufungua mdomo mara moja katika miaka arobaini na miwili na kusema anachokingoja, lakini tarehe 9 Oktoba mwaka huu bahasha itafunguliwa, na neno lenyewe lina herufi nne, darasa la pili linatosha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa yule muuguzi mrefu aliyevumilia kuambiwa kwamba shuka haijanyooka, majirani walioleta maji, viti na masufuria, ambayo yote yamewekwa alama na yatarudishwa kwa wenyewe, na wafanyakazi wenzake wa mnadani pamoja na Nyundo, aliyekuja na mkongojo, ambaye anaweza sasa kuacha kuuliza.

Mzee, weka kioo chini upumzike, na amani utakayoikuta huko uipokee kama ilivyo, bila kuigeuza.