Mama Kitambaa Alisema Mnusishe, Hakusema Mnyweshe

Dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kitambaa, alizaliwa tarehe 9 Mei 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya mbao, mtoto wa pili na wa kike pekee. Mama mzazi alisimulia kwamba siku ya kwanza kuwekwa kwenye titi alinusa kwanza, akakunja uso, ndipo akanyonya. Uso ule haukuwahi kukunjuka sawasawa. Alizaliwa na kinyaa kama wengine wanavyozaliwa na alama shavuni: kinyaa cha utando juu ya maziwa, cha unywele kwenye sabuni, cha mtu anayepiga chafya kwenye kiganja halafu akakunyooshea kiganja hicho hicho msalimiane.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, akamaliza darasa la saba mwaka 1965. Mdogo wake wa kiume, anayewasomea haya, alikuwa wa kwanza kila muhula mpaka shule yenyewe ilipoona aibu ikamwacha aende zake. Hata hivyo anakubali kwamba kwa hati nzuri dada alimzidi. Walimu walikuwa na lalamiko moja tu, kwamba alikataa kugusa dasta iliyotemewa mate na wenzake.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Humo alikutana na kila kitu kinachoweza kumtoka binadamu, na hakukizoea hata kimoja. Alifua huku amegeuza shingo. Lakini aliona kwamba kila alipokuwa na mafua, mvuke wa mapipa ya kuchemshia mashuka ulimfungua kifua. Jambo hilo akaliweka akiba.

Aliolewa tarehe 7 Desemba 1974 na dereva wa lori la mbao, ambaye naye ametangulia. Siku ya kwanza kuja kuposa, bwana huyu alipenga kamasi kwa vidole mbele ya wazee, akapangusa kwenye mguu wa kiti. Bibi harusi mtarajiwa akasema kutoka mlangoni kwamba huyo arudishwe alikotoka pamoja na kiti. Kijana alirudi baada ya muda, na kitambaa cheupe kilichopigwa pasi mfukoni. Ndoa ikapatikana, na jina likapatikana hapo hapo.

Mumewe ndiye aliyemletea mbuzi, majike mawili nyuma ya lori. Mvua zilipoanza, wakaanza kukohoa. Kamasi ziliwaning'inia puani, nzito na za kijani, zikiokota pumba na nzi. Mama Kitambaa alizifuta huku akitapika pembeni. Kisha akachemsha majani ya mkaratusi na tangawizi, akamimina kwenye beseni, akangoja mvuke upungue ukali usije ukamuunguza mnyama, akamfunika mbuzi kichwa kwa gunia na kuacha upenyo wa hewa. Kamasi zikalegea, zikateremka kama uji uliochacha. Tangu hapo watu wakaanza kumletea mbuzi wao. Mwanamke aliyeshindwa kula meza moja na mtu mwenye mafua sasa alikaa pua kwa pua na beberu linalokohoa, akilisuta: mzee mzima, ndevu zote hizo, huoni haya?

Hakuwa mganga, na alichukia kuitwa hivyo. Mbuzi mwenye homa, asiyekula, anayehemea mdomoni, alimtenga na wenzake na kumwita daktari wa mifugo. Mvuke, alisema, ni wa kufungua pua. Haufufui.

Mwaka 2009 ndipo jina lake lilipochafuliwa. Shemeji yake, fundi redio ambaye tunamwita Spika kwa sababu ya vipaza sauti vyake, aliomba amweleze ile dawa ili aitangaze sokoni. Alimweleza dirishani, na ndani ya kibanda redio tatu zilikuwa zikipiga kelele kwa pamoja. Dada alisema, "Mnusishe." Spika alisikia, "Mnyweshe." Akachemsha, akaongeza kitunguu saumu kwa kipaji chake mwenyewe, akajaza kwenye chupa za soda zenye mabaki ya soda, na spika ikazunguka soko zima: dawa ya Mama Kitambaa, mnyweshe mbuzi wako apone.

Muuza maziwa alimnywesha jike lake, kichwa amekiinua juu na chupa ameisukuma hadi kooni. Akaja nalo kwenye toroli, limevimba, povu limekauka puani, linanuka kitunguu saumu na mauti. Akalimwaga mlangoni pa dada bila salamu. Kuanzia siku hiyo waliokuwa wakimwita mama walivuka barabara wanapomwona.

Dada alimwita daktari wa mifugo, naye akampasua mbuzi juu ya gunia uani. Mapafu yalikuwa yamejaa maji ya kijani na vipande vya majani. Daktari akasema, "Huyu hakuuawa na kikohozi, mama. Huyu amezamishwa."

Mama Kitambaa, ambaye hakuwahi kugusa maini mabichi kwa mkono mtupu, aliyachukua mapafu yale, akayatia kwenye beseni, akapita nayo katikati ya mtaa hadi kwenye kibanda cha Spika. Akaliweka beseni juu ya meza, kati ya redio.

"Nusa, shemeji," alisema. "Hilo ndilo neno lililokupita."

Spika alinusa, akatapika juu ya amplifaya. Chupa akazitupa. Ila kurudi sokoni na spika ile ile akasema amekosea, hilo lilimshinda. Alidai watu watasahau. Hawakusahau, na dada hakunywa tena maji nyumbani kwa Spika.

Mwaka 2022 kifua cha dada kilianza kujaa maji. Alilazwa hospitali ile ile aliyoifulia, akalalamikia mashuka mpaka mwisho. Spika alikwenda kumtazama. Dada alimuuliza kama siku ya kumzika ataleta spika zake. Akajibu ataleta. "Basi lile neno utalisema," dada akamwambia, akafunga macho kama mtu aliyemaliza kufua. Alifariki tarehe 14 Machi 2023, saa nne asubuhi, kitambaa kikiwa mkononi.

Ameacha binti mshonaji, mwana fundi wa kuchomelea, wajukuu wanne, mdogo wake huyu mwenye sauti nzuri, muuza maziwa aliyekuja leo na kuketi mstari wa mbele, mbuzi wenye pua safi, na shemeji mmoja.

Msomaji akifika hapa anyamaze, ampe shemeji kipaza sauti. Aseme lile neno, moja tu, lifike sokoni. Kisha sote tuitikie: apumzike kwa amani Mama Kitambaa, kifua kikiwa cheupe na jina likiwa safi.