Mama Ratiba wa Kituo cha Chuo

Waombolezaji wapendwa, mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 17 Machi 1961, mtoto wa pili wa fundi cherehani, akamaliza sekondari mwaka 1980, na mwaka 1983 akaajiriwa kukata tiketi za treni.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na fundi umeme wa reli, ambaye yuko nasi hapa, wakajaliwa watoto watatu, wa 1989, wa 1992, na kitinda mimba wa 2002.

Treni ya mjini ilipoanza, tarehe 4 Aprili 1994, alihamishiwa kituo kinachohudumia chuo kikuu na mtaa wa kando ya mto, na mwaka 2001 akawa msimamizi wake.

Familia haitaficha kosa lake, maana yeye mwenyewe hakulificha. Jumatatu, tarehe 9 Juni 2008, aliamini kichwa chake badala ya kalenda, akaanzisha ratiba ya likizo wiki moja kabla ya wakati, treni zikaja kila baada ya dakika arobaini badala ya kumi, na wanafunzi zaidi ya mia mbili waliokuwa na mtihani wa saa tatu katika ukumbi wa chuo ulioko mjini wakakwama kituoni. Alipanda nao treni akiwa na sare yake, akaingia ofisi ya mitihani, akasema, "Wazee wangu, kosa ni langu, hawa watoto walifika kituoni mapema, niandikeni mimi." Ofisa akamjibu, "Mama, huu si mlango wa treni, ukifungwa umefungwa," naye akasema, "Basi nakaa hapa kizingitini, mtaniruka mkienda kunywa chai." Saa tano mtihani ukaanza, wote wakaufanya.

Barua ya onyo, ya tarehe 13 Juni, aliwasomea wanawe mezani, akasema imeandikwa vizuri na haina uongo, na tangu hapo, kila muhula, alitembea mwenyewe hadi chuoni kunakili ratiba ya mitihani kwa mkono na kuibandika juu ya dirisha la tiketi, ndipo wanafunzi wakamwita Mama Ratiba, hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2021.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, kitinda mimba wake alikataa kuondoka wodini, ingawa alikuwa na mtihani saa nne, naye akamwambia, "Mwanangu, mimi nina manesi, wewe una treni ya saa tatu na robo, inuka." Alifariki saa tano na dakika ishirini, akiwa na umri wa miaka 63, miezi 10 na siku 20, mwanawe akiwa bado anaandika, na mtihani ule ulijibiwa mpaka swali la mwisho.

Tunawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya figo, majirani wa kando ya mto waliopokezana zamu za kumpeleka kliniki, na wafanyakazi wenzake wa kituo.

Mama, sote tumefika kwa wakati. Pumzika kwa amani.