Tarumbeta Iliyoita Msaragambo

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha, Mwalimu Melkizedeki anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Alianzia Myamba, kisha Mungu akatuletea sisi hapa Chome, na hapa ndipo mvi zilipomkuta.

Somo lake ni sayansi. Kwake hakuna takataka: makopo, vizibo, waya, betri zilizochoka, vyote ni vifaa. Wanafunzi wake walitengeneza kigari kinachokimbizwa na pumzi ya puto, na mzani wa vifuniko ambao sisi wapishi wa shule tulipimia chumvi, wala haukutudanganya.

Miaka mingi iliyopita, shida ilikuwa mahali. Darasa alilotumia lilihitajika, kamati ya shule ikampa hadi Ijumaa ahamishe vitu vyake. Ahamishie wapi? Mvua ya huku mnaijua. Bila paa, kazi ya mikono ingeishia hapo. Alisali, nasi tukasali naye.

Wiki hiyohiyo darasa la sita walikuwa wanajifunza sauti. Kwa chupa, puto na kipande cha bomba la maji, msichana aitwaye Dina akaunda tarumbeta, akaipuliza asubuhi kwa nguvu zote. Jamani, ile sauti! Pembe ya msaragambo kabisa, ile inayoita kijiji kizima kwenye kazi ya pamoja. Wazee wakaacha chai mezani, akina mama wakatoka migombani, wote wakapanda hadi shuleni na majembe wakiulizana ni barabara gani imekatika tena.

Walipogundua ni mtoto, Mzee Sadock alifoka kwamba pembe hailii bure, aliyeita aonyeshe kazi. Mwalimu akawaamkia shikamoo kwa unyenyekevu, kisha akawaonyesha palipofaa kuchimbwa msingi wa karakana. Walicheka, wakachimba. Ijumaa ilipofika, karakana yetu ilikuwa na mabanzi, bati na mlango wenye kufuli.

Mwaka huu hofu yetu ilikuwa moja tu: akiondoka, ufunguo atashika nani? Mungu si Athumani. Januari tuliletewa mwalimu mpya wa sayansi, naye ni Dina yuleyule. Juzi Mwalimu alimkabidhi ufunguo mbele yetu, akamwomba jambo moja: asipulize kabla watu hawajanywa chai.

Mwalimu, asante kwa watoto wetu uliowafundisha kuiamini mikono yao. Kapumzike na mama, tangawizi yako istawi, Bwana akupe uzee wenye afya na wajukuu wasumbufu.

Na ukisikia pembe, usiulize nani kaita. Njoo na jembe.

Blandina, kwa niaba ya wenzako wote