Mstari Mmoja Alioniachia Lubbert Haverkate

Mchungaji Sikkema, mdogo wangu Hermine, Trijntje na Hessel, ndugu mliotoka Medemblik, wanachama wa klabu yetu ya sataranji ya hapa Hoorn, majirani, naitwa Willem Ferdinand Ottolander, kaka wa mjane, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya shemeji yangu, Lubbert Haverkate, ambaye tunamzika leo Jumamosi, tarehe 13 Februari 1993. Ninasoma kutoka kwenye karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa penseli mwezi Novemba uliopita, asubuhi chache ambazo mkono wake ulikuwa bado unamkubalia. Karatasi ina mistari kumi na tisa, kumi na minane ameijaza, na mmoja ameuacha wazi, ameweka tarehe tu na maneno mawili, "Ferdinand atajaza".

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Novemba 1926, mjini Medemblik, mtoto wa tatu wa mwoka mikate Hessel Haverkate na mkewe Aafje, aliyekuwa wa ukoo wa Kistemaker, akabatizwa Desemba mwaka huohuo. Alisoma shule ya msingi hapohapo Medemblik kuanzia mwaka 1932, na akiwa na umri wa miaka tisa, majira yale ya baridi ya mwaka 1935 ambapo Max Euwe aliutwaa ubingwa wa dunia na kila nyumba katika nchi hii ikataka kuwa na ubao wa sataranji, baba yake alileta nyumbani seti ya kete za karatasi ngumu, akamfundisha sheria zote jioni moja, na kuanzia wiki ya tatu baba hakushinda tena.

Mwaka 1941 aliingia chuo cha ufundi wa saa cha Schoonhoven, masomo yakakatizwa na vita, na kuanzia Mei 1943 hadi ukombozi alijificha kwenye dari ya ghala la jibini la mjomba wake ili asipelekwe kufanya kazi za kulazimishwa Ujerumani, miaka miwili ya kula viazi baridi na kucheza peke yake, weupe dhidi ya weusi, kwa ubao wa mfukoni. Aliniambia kwamba kule darini ndiko alikojifunza kuwa mwaminifu, kwa sababu mtu anayecheza dhidi ya nafsi yake akiiba hatua moja amejiibia mwenyewe. Alirudi chuoni mwaka 1945, akahitimu Julai 1947, na mwezi Septemba akaanza kazi kwa fundi saa Pieter Bakker Schut, hapa Hoorn, kwenye duka ambalo baadaye lilikuwa lake kwa miaka thelathini na minne.

Mimi nilikutana naye Machi 1948, mjini The Hague, katika foleni nje ya ukumbi wa Bustani ya Wanyama, walipokuwa wakicheza wale mabingwa watano kugombea ubingwa wa dunia. Nilikuwa nimefika nchini mwaka mmoja na nusu kabla, kutoka Java, nilikosomea shule ya serikali ya kikoloni ya Bandung, tulikofundishwa kuandika jina la mtu kwa ukamilifu na kusema ukweli tunapoulizwa na mkubwa. Kijana aliyesimama nyuma yangu alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, akasema, "Bwana, hilo koti lako linajua kwamba limefika Uholanzi?" Nikamjibu kwamba koti lilijua ila halikuwa na pa kwenda, akacheka, akanikatia nusu ya mkate wake wa zabibu, na tuliposimama ndani mbele ya ubao mkubwa wa ukutani, tukibishana kwa kunong'ona mpaka mlinzi akatuonya mara mbili, nilijua nimepata rafiki. Mwaka uliofuata nilihamia Hoorn, na mama yangu na Hermine wakanifuata.

Sasa nimefika kwenye mstari ulioachwa wazi, tarehe yake ni Alhamisi, 30 Desemba 1954, nami ninaujaza.

Siku hiyo ilikuwa raundi ya mwisho ya mashindano ya Desemba, katika ukumbi wa juu wa hoteli iliyokuwa mkabala na kituo cha treni, na Lubbert na mimi tulikuwa na pointi saba kila mmoja. Mshindi wa mchezo wetu ndiye ambaye angealikwa kwenye mashindano ya mabingwa Yugoslavia katika majira ya kuchipua, kukaa ubao mmoja na wachezaji ambao tulikuwa tukikariri michezo yao kutoka magazetini. Asubuhi tulikunywa kahawa pamoja, akaniambia, "Leo nakula nyama yako, Ferdinand, uniandalie na haradali," nami nikamwambia ale taratibu asije akapaliwa.

Katika hatua ya thelathini na nane kila mmoja wetu alikuwa amebakiwa na dakika nne, na watu wote walikuwa wamekimbilia meza ya dirishani, ambako bendera ya saa ya mchezaji mmoja ilikuwa karibu kuanguka, yaani muda wake kumwishia. Niliinyanyua mikono yangu kutoka mapajani, nikaishika kete ya askofu, kwa vidole viwili, hapa juu kwenye kichwa chake, kisha nikaona kwamba kete hiyo ndiyo pekee iliyokuwa ikiilinda ngome yangu, na ikiondoka pale ngome imekwenda na mchezo umekwenda. Nikaiachia, nikamsogeza mfalme.

Hata mtoto aliyejifunza jana anajua kwamba kete uliyoigusa ndiyo utakayocheza, na kwamba anayetaka kuiweka sawa tu hutangulia kusema, "Nanyoosha." Mimi sikusema neno. Lubbert alisimamisha saa, hakupandisha sauti, akamwita mwamuzi, Bwana Gerrit Jan Swaagman, akamweleza. Bwana Swaagman akaniuliza, "Bwana Ottolander, uliigusa au hukuigusa?" Nikasema, "Sikuigusa." Akaniuliza, "Una hakika?" Nikasema, "Nina hakika kabisa." Akamgeukia Lubbert, "Bwana Haverkate, una shahidi?" Lubbert akanielekezea kidole, bila hasira, kama mtu anayeonyesha nyumba anayoifahamu, akasema, "Shahidi wangu ni yeye."

Akangoja, na mwamuzi naye akangoja, nami niliutazama ubao. Ninataka mjue kwamba nafasi ya kusema nilipewa, haikunipita kwa haraka wala kwa mkanganyiko, ilikaa pale mezani muda wa kutosha mtu kuhesabu hadi ishirini.

Lubbert alishindwa katika hatua ya arobaini na saba. Alinipa mkono, akasema, "Baada ya pale umecheza vizuri." Kijitabu cha mashindano, ukurasa wa 31, kimeandika kwamba Bwana L. Haverkate, akiwa katika hali mbaya, alitoa madai ya uongo dhidi ya mpinzani wake, na kamati ya mashindano ikamfungia mwaka mmoja. Mimi nilikwenda Yugoslavia mwezi Aprili, nikamaliza wa kumi na nne kati ya kumi na sita, nikafungwa katika hatua ya ishirini na mbili na mtu ambaye jina lake nilikuwa nikilitamka kwa heshima tangu Bandung, na aliponipa mkono wake sikuweza kumtazama usoni, naye bila shaka alidhani ni kwa sababu ya mchezo. Niliporudi, gazeti la mkoa lilinipa safu ya sataranji, nikaiandika kwa miaka ishirini na sita. Lubbert aliisoma kila Jumamosi na kunipigia simu, "Shemeji, mchezo wa leo hatua ya thelathini na moja umemwonea farasi, rudi umwombe radhi." Yeye hakuingia tena katika mashindano makubwa. Alicheza klabuni Jumanne, na saa zote za klabu, ishirini na mbili, alizitengeneza yeye.

Nimesema shemeji. Mwishoni mwa mwaka 1955 Hermine alipeleka dukani saa ya marehemu mama yetu, ikachukua wiki saba kutengenezwa, na sote tulijua kwamba saa ile haikuwa na ubovu wa wiki saba. Baba yetu alifia katika kambi ya wafungwa Java wakati wa vita, kwa hiyo mimi ndiye niliyepaswa kuombwa ruhusa, na Lubbert alikuja Jumapili moja ya Februari akiwa amevaa tai, nami niliogopa, nikidhani sasa ataweka sharti. Alikaa, akapokea kahawa, akasema, "Ferdinand, nimekuja kwa ajili ya Hermine. Sikuja kwa ajili ya ile kete." Walifunga ndoa Ijumaa, tarehe 18 Mei 1956, wakajaliwa watoto wawili, Trijntje Aafje, aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 1957, na Hessel Ferdinand, tarehe 11 Machi 1960. Jina la pili la Hessel alilichagua Lubbert, nami siku ya ubatizo nilisema nina homa.

Watoto hawa wanakumbuka mchezo wa baba yao mezani, kwamba kila nilipokuwepo, kabla hajagusa kikombe, kijiko, au sahani ya biskuti, alitangaza kwa sauti ya mwamuzi, "Nanyoosha!" na watoto wakacheka mpaka wakamwaga maziwa, na Hessel akaigiza mpaka shuleni. Nami nilicheka pamoja nao. Sikuwahi kujua kama ilikuwa adhabu au mlango alionifungulia ili niingie, na kwa miaka thelathini na sita sikumwuliza.

Trijntje, wewe ulikuwa mchezaji hodari kuliko sisi wote. Mwaka 1970, ukiwa na miaka kumi na mitatu, ulirudi kutoka mashindano ya vijana ya Alkmaar, tukiwa mezani na supu ya njegere, ukamwambia baba yako kwamba kocha mmoja alikuuliza mbele ya wenzako, "Wewe si binti wa yule mzee wa madai ya uongo?" Ukamwuliza, "Baba, ni kweli?" Baba yako aliweka kijiko chini, hakunitazama, akasema, "Ndivyo kilivyoandika kijitabu, mwanangu. Kula, inapoa." Nilikuwa nimekaa upande wako wa kushoto. Nilikula supu ile mpaka mwisho na nikaomba niongezwe. Wewe hukugusa ubao tena, na wageni walipouliza kwa nini umeacha, nilikuwa mimi niliyewajibu kwamba wasichana wa umri huo hubadilika.

Mwaka 1986, mwezi Oktoba, marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson, akafunga duka mwezi Juni uliofuata, kwa kuwa hakuna fundi saa wa mkono unaotetemeka. Jumapili tuliendelea kucheza. Mkono wake ukielekea kwenye askari ulimgonga malkia, ukielekea kwenye farasi uliigonga ngome, nami nilimwambia, "Lubbert, acha hiyo, chukua uliyoitaka." Alinijibu kila mara, "Hapana, shemeji. Nimeigusa, naicheza." Akamtoa malkia bure, akaitoa ngome bure, akafungwa, akapanga upya. Kwa miaka sita alifungwa Jumapili baada ya Jumapili kwa kete ambazo hakukusudia kuzigusa, mbele ya mtu aliyeigusa yake kwa vidole viwili na kwa makusudi.

Krismasi alilazwa kwa homa ya mapafu, akarudi nyumbani tarehe 8 Januari, na Jumanne, tarehe 9 Februari 1993, saa nne asubuhi, akafariki kitandani kwake, Hermine akiwa ameushika mkono wake, ambao hatimaye ulikuwa umetulia.

Juzi Alhamisi nilikwenda jikoni kwa Hermine na karatasi hii, nikamwambia kilichopaswa kuwa kwenye mstari ule. Aliendelea kukausha vikombe. Akasema, "Ferdinand, mtu hakai miaka thelathini na sita na mume anayekiambia kijiko 'Nanyoosha', asijiulize sababu." Nikamwuliza kwa nini alikaa kimya. Akasema, "Yeye alikuwa anakungoja, na mimi nilikuwa namngoja yeye. Ameondoka. Sasa usinililie mimi hapa na vikombe vyangu. Waliosikia uongo walikuwa ukumbi mzima, kausomee ukumbi mzima." Nikamwuliza kama atanisamehe, akasema hilo tutalizungumza baada ya mazishi, na akanipa taulo nikaushe sahani.

Basi nimesoma. Jana nimepeleka kwa katibu wa klabu, Bwana Lieuwe Dijkgraaf, barua yenye sahihi yangu, nikiomba ukurasa wa 31 usahihishwe katika nakala ya maktaba na ushindi ule uandikwe kwa mwenyewe, ingawa ninafahamu kwamba barua hairudishi mwaliko wa Yugoslavia, wala haimrudishi msichana wa miaka kumi na mitatu mbele ya ubao. Trijntje, baba yako hakudanganya. Sina ombi lolote kwako, hilo tu nilikuwa na wajibu wa kukwambia, na nimechelewa.

Familia inamshukuru daktari wake, Folkert Nauta, aliyekuja hata bila kuitwa, wauguzi wa wodi ya tatu, Dada Reinou aliyemwogesha nyumbani kila asubuhi, majirani wa pande zote mbili, hasa Bibi Jikke Postma aliyeleta supu kila Jumatano, mafundi saa waliofunga maduka yao leo, na wanaklabu wenzake, ambao wameweka juu ya jeneza ubao wake wa mfukoni wa kule darini na kete zote mahali pake. Ninaona kwamba kete moja ya askofu imepinda kidogo. Nimeombwa niiweke sawa kabla hatujatoka kwenda makaburini.

Nanyoosha.

Niliigusa, Lubbert. Shahidi wako amesema. Pumzika sasa, na amani iwe yako.