Glasi ya Nzembi

Benchi langu liko Kabiria, pembeni mwa Nairobi, mahali lami inapoishia na mashimo yanapoanza. Nauza kahawa ya tangawizi; wateja wananiita Shosh, yaani nyanya. Porojo natoa bure. Asubuhi hiyo nyuma ya benchi kulikuwa na magunia kumi na moja ya chupa zilizovunjwa, kazi ya marehemu Nzembi. Aliziokota tangu Januari, akaziosha, akazipanga kwa rangi: nyeupe, kahawia, kijani. Tulimzika mwezi uliopita. Mumewe, Mutie, alikuwa amekaa kando ya magunia na koti lile alilovaa mazishini, akingoja mnunuzi. Mnunuzi akikataa, jasho lote la Nzembi linaenda shimo la taka. Ungedhani watu wangenyamaza kwa heshima. Kwa benchi langu?

— Kioo ni mali, alianza Muigai. Tunamwita Kiwanda, kwa sababu aliwahi kupakua magunia kiwandani wiki mbili, na mpaka leo anaongea kama mwenye tanuri. — Ukichanganya chupa za zamani na mchanga, moto unaotumia ni kidogo. Moshi kidogo. Na chupa inatoka mpya, hata mara mia.

— Hizo mara mia ulihesabu wewe? Jackie akamuuliza. Jackie anafua nguo Karen, kwa matajiri. Chupa nyingi alimbebea Nzembi kutoka huko. — Mimi najua hii tu: kabla Nzembi aanze, watoto wa hii ploti walikuwa wanakatwa miguu kwa mtaro kila wiki. Na karo ya mtoto wake ilitoka kwa hizo chupa.

— Hiyo ni kitu kidogo, Jackie. Nairobi yote ikirudisha chupa, mchanga hautachotwa, mito ya Ukambani itajaa mchanga tena. Maji itarudi. Mvua yenyewe itarudi!

— Kiwanda, mchanga wa mto ni wa kujenga nyumba, si wa chupa, nikamwambia. Usimsumbue Mungu na chupa ya sosi.

— Shosh, wewe pika kahawa. Mtu anaoza. Chuma inaota kutu. Lakini kioo haifi, inarudi. Si nilikwambia, Mutie, siku ile ya matanga?

— Uliniambia, Mutie akasema.

Pickup ikafika. Akashuka msichana wa glavu nene, anaitwa Debra. Yule mnunuzi wa zamani alikuwa amehamia kwingine. Huyu alikuwa mgeni kabisa kwetu.

— Sasa nyinyi. Ni hizi?

Akamwaga gunia la kwanza juu ya turubai, akapekua, akarudisha. La pili. La tatu.

— Wah! Huyu alipanga hizi ako na mkono safi. Hakuna hata kifuniko moja.

Jackie akajipangusa uso na leso. Debra akafika gunia la mwisho, la nyeupe, na mkono wake ukatoka na glasi nzima ya chai, yenye maua mekundu.

Niliijua. Nzembi alikuwa anakuja nayo hapa kila asubuhi. Vikombe vyangu vya plastiki alivikataa kabisa, eti vinanuka sabuni.

— Na hii? Debra akauliza. — Hii imetengenezwa ya kuvumilia moto, haiyeyuki na chupa. Chembe zake zinabaki ndani, chupa mpya inapasuka. Kiwandani wakipata hata moja, wanarudisha pickup nzima. Mtu anapanga hivi poa lazima anajua. Mbona imeingia?

Mutie alikuwa anaangalia chini.

— Niliiweka mimi. Kiwanda alisema inarudi.

Muigai akainamia kamba ya kiatu chake.

Debra hakuelewa. Aliipangusa glasi kwa shati lake, akamwekea Mutie mkononi.

— Peleka nyumbani, mzee. Zingine zote nabeba.

Akapakia magunia kumi na moja, akamlipa Mutie, akafunga mlango wa nyuma, kisha akatugeukia akitabasamu.

— Huyo mwenye kupanga ako wapi? Nataka kumsalimia, niulize kama mwezi ujao atakuwa na zingine.

Yule wa kuleta mvua Ukambani alikuwa bado anachezea kamba ya kiatu. Debra akangoja, akatuangalia mmoja mmoja, tabasamu likamtoka. Akapanda gari polepole.

Mutie akaninyooshea ile glasi. Nikainamisha birika. Kahawa iliyobaki ilitoka nusu glasi.