Aliyekufa Kila Jumatano: Kumkumbuka Momose Itsuko

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Sogezeni viti. Kama una mtoto, hata kama ni mtu mzima mwenye mvi zake mbili tatu, muweke moyoni wakati unasikiliza. Leo tunamkumbuka Momose Itsuko.

Jina hilo wengi hamlijui. Uso wake mnaujua. Kwa miaka kumi na sita, kila Jumatano jioni, katika tamthilia ya Fundi Pipa, yeye ndiye aliyekuwa akifa. Yule msichana aliyetolewa mferejini, nywele zimemganda shavuni, ni yeye. Yule aliyekutwa ghalani chini ya magunia, ni yeye. Yule bibi harusi aliyetiliwa sumu kwenye kikombe, ni yeye. Kila safari walimbadilisha nywele na rangi, nasi hatukumtambua. Alikufa mara mia saba na kumi na moja. Hakupewa hata neno moja la kusema.

Sasa Itsuko amefariki, na safari hii ni kweli. Alifariki Jumanne moja ya mwezi wa pili, mchana, nyumbani kwao Saga, hapa hapa Kyoto. Alikuwa na miaka thelathini na tano. Mshipa wa damu ulipasuka kichwani.

Mama yake, Bi Momose Fusae, alikuja hapa redioni kwa miguu yake. Ndugu zake hawakutaka sehemu moja ya habari hii isemwe. Walimwambia ataaibika. Yeye akasema, "Semeni yote. Mkiificha nitasimama sokoni niiseme mwenyewe. Kuna mama mwingine leo anapita pembeni ya mwanawe kwa ncha za vidole." Basi tutasema yote.

Tuanze na baba. Baba yake Itsuko, Momose Heisaku, alikuwa fundi wa mikeka ya sakafuni. Mgongo mbovu ulimlaza miaka miwili, na nyumba ilikuwa vyumba viwili tu. Kila kelele ilimchoma mgonjwa. Itsuko alikuwa na miaka tisa. Akajifunza kufunga mlango bila mlio, na kukohoa ndani ya mto. Siku moja maji ya moto yalimmwagikia mkononi jikoni. Hakulia. Alisimama tu, machozi yanamtiririka, mdomo ameufumba. Mama yake alimkumbatia akamwambia, "Mtoto mzuri wewe. Mtoto mzuri hasumbui watu."

Bi Fusae amelirudia neno hilo mara nyingi hapa studio. "Nilimsifu," anasema. "Mtoto kaungua mkono, mimi nikamsifu kwa kunyamaza."

Kazi ya Itsuko ilikuwa kumsomea baba. Na baba alitaka kitu kimoja tu, vitabu vya Fundi Pipa. Ninyi mnavijua, viko ishirini na vinne. Fundi wa zama za kale za Edo anachonga mapipa ya pombe, mapipa ya kachumbari, na mapipa ya kuzikia, maana enzi zile maiti alizikwa amekaa ndani ya pipa. Kila mfu wa mtaa anapita mikononi mwake kabla ya kifuniko. Wakubwa wanasema, "Ameteleza, mzikeni." Fundi anaona chokaa chini ya ukucha, anaweka nyundo chini. "Huyu hakuteleza."

Mzee Heisaku alikuwa hajui kabisa kubahatisha. Kila kitabu alimshuku mtu yule yule.

"Ni muuza mchele."

"Baba, kitabu hiki hakina muuza mchele."

"Ndiyo maana. Kajificha."

Walicheka kwa kufumba midomo, baba na binti, ili mgongo usimuume. Bi Fusae alikuwa akiwasikia kutoka jikoni. Mzee alikufa wako kwenye kitabu cha kumi na nane. Vilivyobaki Itsuko alivisoma peke yake. Mama naye alivisoma baada yake, jioni kwa jioni, mpaka akavimaliza vyote ishirini na vinne. Likumbukeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Mama huyu alivisoma vyote.

Vitabu vilipofanywa tamthilia ya runinga, Itsuko alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikwenda studio kutafuta kazi ya kupita pita nyuma ya waigizaji wakubwa, amebeba kikapu. Mzee Kurata, mpakaji rangi wa nyuso, ndiye aliyemuona. Mtu mmoja alikuwa ameangusha ubao karibu na sikio la binti huyo. Wote waliruka. Itsuko hakupepesa jicho.

"Wewe binti," Mzee Kurata akamwambia, "umeshawahi kufa?"

"Bado, Mzee."

"Basi njoo huku. Utakuwa hodari."

Akawa hodari kweli. Si kazi nyepesi ile. Wakati wa baridi pumzi hutoka kama moshi, na maiti havuti tumbaku. Itsuko aliweka kipande cha barafu mdomoni ili pumzi isionekane. Alilala kwenye maji ya mfereji mwezi wa kwanza bila kutetemeka. Alikunjwa ndani ya pipa la kuzikia, magoti kidevuni, saa nzima, wenzake wakibishana juu ya taa. Akitoka, Mzee Kurata alimnyunyizia chumvi mabegani kumwondolea nuksi ya kifo na kumwita kwa jina lake, kama wanavyomfanyia kila anayeigiza mfu. Kisha humuuliza, "Umeumia?" Naye hujibu, "Hapana." Siku zote hapana.

Na mama alijivuna. Tusimlaumu, sisi wote tungejivuna. Jirani yake, Bi Ogino, alikuwa akimuuliza ng'ambo ya uzio:

"Itsuko hajambo?"

"Amekufa tena."

"Tena? Safari hii vipi?"

"Kanyongwa. Jumatano, usikose."

"Masikini. Wiki iliyopita si alizama?"

"Alizama, akakauka, akanyongwa."

Wanawake wawili wazima wanacheka juu ya uzio, ndoo mikononi. Mama yeyote huchekea kazi ya mwanawe. Bi Fusae hakujua anachocheka.

Sasa sikilizeni vizuri. Itsuko alifanya mazoezi nyumbani. Alilala sakafuni, karibu na mlango wa bustani, akafa. Mwanzoni mama alikuwa akimwita, "Itsuko, chai," naye anaangua kicheko, kazi inaharibika. Basi mama mwenyewe akaweka sheria. Itsuko akilala pale, hakuna kumwita, hakuna kumgusa, mpaka ainuke mwenyewe. Sheria ilikuwa ya mama. Hata Bi Ogino aliijua. Hata mleta magazeti.

Mwaka huu walianza filamu ya kitabu cha mwisho, kile cha ishirini na nne. Ndani yake kuna mjane anayekutwa amekufa nyumbani kwake, na mwongozaji alitaka kamera itulie juu ya uso wake muda mrefu bila kukata. Hajawahi mtu kufanya hivyo. Alimtaka Itsuko tu. Kwa hiyo Itsuko akaongeza mazoezi. Nusu saa. Dakika arobaini. Kila siku, pale mlangoni.

Siku tatu kabla ya Jumanne ile, kichwa kilianza kumuuma. Alimwambia Mzee Kurata kwenye kiti cha kupakwa rangi.

"Kama mtu ananipiga msumari hapa, Mzee."

"Nenda hospitali."

"Nikimaliza filamu. Na usimwambie mama. Atanipikia supu mpaka nizame."

Mzee Kurata alicheka. Hakumwambia mama.

Jumanne. Bi Fusae alitoka saa saba na nusu kwenda kununua tofu, ile jibini ya soya, na figili. Alirudi saa nane na dakika chache. Kufungua mlango, akasikia harufu ya chuma kinachoungua. Birika liko jikoni juu ya moto, maji yamekauka, chini limeanza kuwa jekundu. Akauzima moto. Akanung'unika kimoyomoyo, "Huyu mtoto atatuchomea nyumba." Kisha akachungulia chumbani.

Itsuko alikuwa amelala pale mlangoni, mahali pake. Ubavu mmoja, mkono mmoja chini ya mwili, uso umeelekea bustani. Ametulia.

Mama akapita kwa ncha za vidole. Akaenda zake kumenya figili.

Wasikilizaji wapendwa, mama huyu alivisoma vitabu ishirini na vinne vya mtu anayeona chokaa chini ya ukucha. Birika limekauka juu ya moto. Mtu aliyeweka birika motoni anangoja chai. Hajilazi kufanya mazoezi ya dakika arobaini. Fundi Pipa angeweka nyundo chini. Mama alizima moto akapita. Si kwamba ni mjinga. Amezoea. Mazoea yamefumba macho ya watu wenye akili kuliko sisi.

Kama dakika kumi na tano baadaye akaja Bi Ogino kurudisha bakuli. Akachungulia.

"Anafanya kazi?" akanong'ona.

"Anafanya kazi. Usimsemeshe."

Bi Ogino alimtazama kwa muda. Akasema, "Leo amekufa vizuri kweli."

"Ni ya filamu hiyo. Uso tu, dakika mbili nzima."

Wakafunika midomo kwa viganja wasicheke kwa sauti. Bi Ogino akaenda zake. Bi Fusae akapanga figili kwenye mtungi, safu kwa safu, chumvi kwa safu. Jua likahama. Dakika arobaini zikafika, zikapita. Akasema moyoni, leo amejitahidi. Zikafika hamsini. Hapo ndipo akasimama mlangoni, kisu bado kiko mkononi, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita akaivunja sheria yake.

"Itsuko, chai."

Hakucheka.

Hospitali, Bi Fusae alimuuliza daktari swali moja tu. Hakuuliza kwa nini wala ugonjwa gani. Aliuliza, "Nilipoingia na tofu yangu, alikuwa hai?"

Daktari alikuwa kijana, na alikuwa mkweli. Akasema, "Inawezekana."

"Na ningemwita?"

"Mama, hakuna anayejua. Inawezekana."

Neno hilo moja ndilo Bi Fusae analala nalo na kuamka nalo. Ndugu wanamwambia usijitese, angekufa tu. Anawajibu, "Hamjui. Daktari hajui. Ninyi mmejulia wapi?"

Kwenye maziko, Mzee Kurata aliomba ampake uso. Miaka kumi na sita alikuwa akiipaka rangi ya majivu ngozi iliyo hai. Sasa alitaka kuirudishia uhai. Aliweka wekundu midomoni, akaufuta. Akaweka tena, akaufuta. Mara ya tatu akainua tena brashi. Bi Fusae akamshika kifundo cha mkono.

"Acha, Mzee. Muache alivyo."

"Aliniambia kichwa kinamuuma, Bi Fusae. Siku tatu. Akaniambia nisikwambie."

Watu walidhani atampiga. Bi Fusae alimtazama mzee yule, chozi lake limefika kidevuni, akamwambia, "Nilimfundisha mimi. Wewe ulimkuta hivyo hivyo."

Mwongozaji alikwenda nyumbani kwao wiki iliyopita, akapiga magoti mlangoni. Alisema ataliondoa tukio la mjane, filamu iende bila hilo. Bi Fusae alikataa. Alisema aliweke, na amtafute msichana mwingine. Ila akatoa sharti. Kila dakika tano mtu amwite msichana huyo kwa jina, na asipoitika kazi isimame, hata kama mwanga unapotea. Mwongozaji ameandika na kutia sahihi. Karatasi hiyo tumeiona.

Kwa Bi Momose Fusae, kwa ndugu zake wa Saga, kwa Bi Ogino ambaye hadi leo hajatoka nyumbani kwake, na kwa Mzee Kurata na wenzake wote wa studio, tunatoa pole. Hatuna dawa ya kuwapa. Tuko upande wenu wa uzio.

Na kwenu ninyi mnaosikiliza. Mtoto asiyelia si lazima awe mzima. Mtu anayesema hapana siku zote, muulize mara ya pili, na ya tatu, hata akuone kero. Tusiwasifu watoto wetu kwa kutotusumbua. Tumekuwa wazazi wao ili tusumbuliwe.

Kwa kawaida hapa tungekaa kimya dakika moja kwa heshima ya marehemu. Bi Fusae ametuomba tusifanye hivyo. Amesema kimya kimetosha. Basi dakika hiyo tumeiacha mikononi mwenu. Inukeni sasa hivi, hata kama mikono ina unga. Nendeni chumba cha pili, au shikeni simu. Mwiteni mtu wenu kwa jina. Akisema unanisumbua, mshukuruni. Asipojibu, msipite kwa ncha za vidole. Mwiteni tena, kwa sauti, na msitoke mlangoni mpaka mmesikia ameitika.